Neno Likishatoka Limekuwa Jambo: Historia Fupi ya Kauli ya Upole Vurra na West Nile

Kamati iliombwa iandike habari za historia. Tumechagua jambo lisiloandikwa katika karatasi ya mgao, nalo ni kauli. Blanketi huhesabiwa na mahindi hupimwa, lakini neno halina mizani, ijapokuwa ndilo hukaa na mtu kuliko blanketi.

Wengi wetu tuliingia Uganda kwa njia ya Vurra. Wenyeji wa Vurra husema Kilugbara, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Aru huko Kongo. Katika lugha yao, e'yo maana yake ni neno, na tena maana yake ni jambo au shauri. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatushangai, kwa kuwa nasi tukimwona mwenzetu amenuna humwuliza, "Kuna neno?" Neno likishatoka limekuwa jambo.

Wazee na Injili

West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na mwaka huohuo mji wa Arua ukaanza. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua, na kituo chao kikawa Mvara. Wakatoliki nao waliletewa Injili na mapadre wa Verona.

Tusiseme kwamba kabla ya hapo watu hawakujua uzito wa ulimi. Kwa desturi ya Walugbara, mzee aliyevunjiwa heshima na mtu wa ukoo wake aliweza kuwashtakia wahenga waliokufa, na ugonjwa ukiingia nyumbani, watu walitafuta kwanza ni nani aliyegombana na nani. Mgonjwa akipona, ukoo ulikusanyika, ukala pamoja na kupatana. Kwa hiyo ugomvi wa maneno ulihesabiwa kuwa hatari tangu zamani. Injili iliongeza sharti gumu zaidi, yaani mtu amwombee mema aliyemtukana, hata kama si wa ukoo wake.

Uamsho na vipaza sauti

Mafundisho hayo hayakuzaa upole kwa siku moja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, ambako waamini wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tabibu mmoja Mganda aitwaye Lubulwa aliuleta Arua. Walioguswa walisimama mbele za watu wakaungama. Mwizi alirudisha mali, na mume alimwomba mke wake msamaha. Hayo yalikuwa matunda mema, na mengine yanaonekana hata leo.

Lakini baadhi ya wahubiri walishika vipaza sauti, wakaenda sokoni na njiani kukemea dhambi za wengine. Makanisa yaliingia katika mzozo, serikali ikaingilia, na wahubiri wengine walifungwa. Mgawanyiko huo ulivuka mpaka ukafika Aru, na ndugu walioimba pamoja wakaacha kusalimiana. Hatuandiki haya kuwadharau, maana walikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Tunajifunza tu kwamba kuitangaza dhambi yako ni toba, bali kuitangaza ya jirani ni jambo jingine kabisa.

Upole si kunyamaza

Wengine watasema, "Basi mnataka tukae kimya tukionewa." Hapana. Mwezi Februari 1977, baada ya askari kuingia usiku na kupekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua. Hawakumtukana. Walieleza waziwazi yaliyotendeka na jinsi raia walivyokosa usalama, wakaweka sahihi zao. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa Silvanus Wani, askofu wa Madi na West Nile, ambaye ni Mkakwa, kabila moja na Amin. Tufikirie uzito wa kazi hiyo. Alipaswa kuwafariji watu waliofiwa na kiongozi wao, huku kabila lake likitajwa kwa uchungu. Aliliongoza kanisa hadi mwaka 1983, katika miaka ambayo neno moja la hasira kutoka kwa mkubwa lingeweza kuwagharimu watu maisha.

Wenyeji wetu walipokuwa wakimbizi

Amin alianguka Aprili 1979. Mwaka 1980 vita viliingia West Nile, na watu wote wa huku wakahesabiwa kuwa watu wa Amin, hata mkulima ambaye hakuwahi kushika bunduki. Hapo tunaona kazi ya neno baya. Kwanza watu hupewa jina moja la kuwadharau, halafu kuwaua huonekana si kitu. Tarehe 24 Juni 1981, askari waliwaua makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudani na Zaire, na kutoka Vurra njia ilikuwa fupi, mpaka ukiwa mlangoni. Waliishi huko miaka mingi, wakaabudu pamoja na wenyeji, wakarudi kidogo kidogo.

Ndiyo sababu leo mzee wa Vurra akikukuta njiani na mzigo kichwani, mara nyingi atakuambia kwamba yeye naye aliwahi kuwa mkimbizi. Neno hilo halijazi chungu, lakini lilitusimamisha wima wengi wetu siku tulipofika hatuna kitu.

Na sisi je?

Kwa kuwa tumesema habari za kuungama, tuanze na sisi wenyewe. Siku moja bomba la maji liliharibika na foleni ikawa ndefu. Mama mmoja, aliyekuwa na mtoto mgonjwa, aliomba atangulie. Mjumbe wetu mmoja alimjibu mbele ya watu kwamba hapa si kwao, angoje kama wengine. Foleni yote ilikuwa ya watu ambao hapa si kwao! Mama aliondoka na ndoo tupu. Jioni wajumbe watatu tulikwenda kwake na maji. Alitukaribisha tukae, akasema maji ameyapokea, ila lile neno bado analisikia. Tulirudi tena Jumapili, safari hii pamoja na mjumbe mwenyewe, naye akaomba radhi palepale kwenye bomba, mbele ya wale waliomsikia. Tuliona ni haki, kwani kosa lililofanyika hadharani halitengenezwi kwa siri.

Tangu siku hiyo kamati ina desturi ya kuanza kikao kwa kuulizana kama yupo aliyemjibu mtu vibaya wiki hiyo. Si kila mara tunajibu kweli, lakini swali linatusaidia.

Tunawaomba wakazi wenzetu tusiwaite watu kwa majina ya kabila tunapokasirika, na watoto wasilisikie neno "mkimbizi" likitumika kama tusi. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunajua mnachoka na maswali yetu. Hata mgao ukipungua, tuelezeni kwa kauli njema sababu yake, nasi tutajitahidi kuleta malalamiko yetu kwa adabu, bila kuficha ukweli. Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo uwezao kuchoma msitu mkubwa. Sisi tuliokwisha kuona vijiji vyetu vikiungua hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mungu awabariki nyote.

Kamati ya Jumuiya