Viza ya utalii au ya biashara: ipi yafaa kwa safari fupi ya kikazi?

Mashine inapoharibika katika Divisheni ya Viwanda jijini Mbale, na fundi wake akawa ng'ambo, mwenye kiwanda huulizia kwanza nauli ya ndege. Viza hukumbukwa mwisho. "Aje kama mtalii, ni siku kumi tu," husemwa. Ushauri huo umeenea mno, nao waweza kumponza mgeni pamoja na mwenyeji wake.

Kinachoamua aina ya ruhusa si wingi wa siku, bali ni jambo atakalolifanya mgeni baada ya kuvuka mpaka. Kupanda Mlima Elgon au kwenda Jinja kutazama chanzo cha Nile ni utalii. Kukutana na wateja, kukagua bidhaa na kujadiliana bei ni biashara. Lakini kufungua mtambo, kuutengeneza na kuwafundisha wafanyakazi kuuendesha ni kazi. Wengi huteleza hapa, wakidhani kwamba fundi anayelipwa mshahara wake Mumbai au Guangzhou hafanyi kazi Uganda. Anafanya; mikono yake iko Mbale.

Maombi ya viza ya Uganda hufanywa mtandaoni kabla ya safari. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja hutozwa dola 50 za Marekani. Ipo pia Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 2014: kwa dola 100, mgeni huingia na kutoka Uganda, Kenya na Rwanda kwa muda wa siku 90. Humvutia anayetaka kupitia Nairobi kisha aje Mbale, ila masharti yake hayaruhusu ajira. Kwa kazi ya muda mfupi kuna pasi maalumu. Kwa ajira ya muda mrefu kuna vibali vya kazi, ambavyo madaraja yake hutajwa kwa herufi. Barua ya kiwanda kinachomwalika fundi yafaa itaje kazi yenyewe na muda wake, isiishie kusema "ziara".

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana njia yao. Mkenya anayeingia kwa Malaba, Busia au Lwakhakha haombi viza, na tangu 2014 aweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, kuvuka bila viza si sawa na kuruhusiwa kuajiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamtaka mwenye mkataba wa ajira usiozidi siku 90 aombe pasi maalumu. Mkataba ukizidi hapo, ataomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa. Sharti hili husahaulika upesi, maana fundi wa Bungoma au Kisumu hajioni mgeni Mbale: pengine ana jamaa pande zote mbili za mpaka.

Wanaosafiri kutoka Mbale wakutana na swali lilelile. China hutenganisha viza kwa herufi: L ya utalii, M ya biashara, Z ya kazi. Anayekwenda Guangzhou kununua shehena ya vitambaa huombea M, akiwa na barua ya mwaliko. Tanzania nayo haimo katika viza ya pamoja ya utalii. Fundi wa kigeni akitoka Mbale kwenda kutengeneza mtambo Mwanza, huko kuna viza ya biashara ya dola 250, isiyozidi miezi mitatu, iliyowekwa kwa shughuli za muda kama hizo.

Aliyeandika "utalii" katika fomu, na begi lake limejaa spana na barua ya kiwanda, amempa afisa wa uhamiaji sababu ya kumrudisha. Akikutwa kiwandani bila kibali, aweza kushtakiwa na kuondoshwa nchini. Aliyemwajiri pia huwajibika kisheria. Heri mwenye kiwanda awaandikie maafisa wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi, aeleze fundi atafanya nini, wapi, na kwa siku ngapi, kisha alihifadhi jibu lao kwa maandishi.