Barua za Mkono: Kutoka Lado na Kilwa Hadi Simu Zetu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, ningependa leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Watoto wetu hapa Malakia wanaandika Kiarabu madrasa, wanaandika Kiingereza shuleni, na kwenye simu wanaandika Kiarabu cha Juba kwa herufi za Kizungu wakichanganya na Kiswahili walichorudi nacho wazazi wao kutoka Uganda na Kenya. Hawana upungufu wa kuandika. Lakini mpe kijana wa miaka 13 karatasi na kalamu, mwambie amwandikie shangazi yake aliyeko Kampala, naye atakuuliza: "Ustadhi, naanza vipi?" Hajui salamu inakaa wapi, habari inaingia lini, wala mtu anaagaje kwenye karatasi. Na hili si kosa la mtoto, kwani hajapata kumwona mtu nyumbani akiandika barua.

Ajabu ni kwamba nchi hii tunayoishi, historia yake imepita mikononi mwa barua. Jina la Malakia lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya mambo ya kiraia, yasiyo ya kijeshi. Ndivyo walivyoita makazi ya raia na askari wastaafu kando ya kambi, ndiyo maana utaikuta Malakia katika miji mingine pia. Kaskazini kidogo ya Juba, ukingo wa magharibi wa mto, ndipo ilipokuwa Lado, makao ya mkoa wa Ikweta wakati wa utawala wa Misri. Kuanzia mwaka 1878 gavana wake alikuwa Emin Pasha, daktari aliyezaliwa Ujerumani kwa jina la Eduard Schnitzer.

Mwezi wa Mei 1884 Emin alipokea Lado barua ya Karam Allah, amiri wa Mahdi huko Bahr el Ghazal, ikimtaka asalimu amri. Lupton, gavana jirani yake, naye alikuwa amemwandikia kwamba mambo yamekwisha kwake. Fikiria hali ile ndugu msomaji: hakuna simu ya waya, hakuna meli inayofika, na karatasi mbili ndizo zinazokuambia kuwa dola unayoitumikia imeanguka upande wako wa magharibi. Khartoum yenyewe ikaanguka tarehe 26 Januari 1885, na njia ya kaskazini ikafungwa kabisa. Emin akahamia Wadelai, na barua zake zikatafuta njia ya kusini. Msafiri Wilhelm Junker aliondoka Wadelai mwanzoni mwa 1886, akapita Bunyoro na Buganda, akafika Zanzibar mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Karibu mwaka mzima barua iko njiani! Nasi leo tunakasirika alama za buluu zikichelewa dakika tano.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye. Stanley alipofika mwaka 1888 kuwatoa, alileta barua ya Khedive Tewfik wa Misri kwa maafisa na askari. Ilikuwa barua ya kweli. Mwezi wa Agosti ikasomwa mbele ya askari katika kituo cha Labore, kusini mwa hapa. Askari mmoja akatoka mstarini akasema waziwazi kwamba barua ile ni ya kughushi. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu hata kidogo. Wao walijua njia moja tu ya Misri, nayo ni ya mto kupitia Khartoum. Vipi amri ya Khedive itokee kusini, mikononi mwa Mzungu wasiyemjua? Siku chache baadaye Emin alikuwa mfungwa wa maafisa wake mwenyewe huko Dufile. Mwezi wa Oktoba wakaja Ansari wa Umar Salih kwa meli hadi Lado, nao wakatanguliza barua iliyobebwa na wajumbe watatu, na hapo ndipo waliobisha walipoanza kujua kwamba Khartoum imekwenda kweli.

Baadhi ya askari wale walibaki nyuma Emin alipoondoka mwaka 1889, na Lugard akawachukua mwaka 1891 kwenda Uganda. Hao ndio asili ya Wanubi wengi wa Bombo na Kibera, na ndiyo maana familia kadhaa za hapa zina jamaa huko hadi leo.

Mimi nikisoma habari hiyo ya Labore, nakumbuka muhuri wa Mtume (S.A.W.). Baada ya Hudaybiyya alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba Warumi hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengeneza pete ya fedha yenye maandishi. Hakusema "mimi ni mkweli, inatosha". Alimpa msomaji njia ya kumjua mwandishi. Vilevile alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa ajili ya barua zao, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Na kabla ya hapo tunayo habari ya Nabii Sulayman (A.S.) na malkia wa Sabaa katika Suratun-Naml, aya ya 28 hadi 31, ambapo barua inaanza kwa jina la aliyeiandika na jina la Mwenyezi Mungu. Wanafunzi, someni aya hizo kwa jicho la mwandishi wa barua. Mtaona ni fupi kiasi gani.

Ama kwa upande wa Kiswahili, wengi wetu tunadhani kuandika lugha hii kulianza na wamisionari. Sivyo. Katika nyaraka za Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu mwaka 1711, na miongoni mwake ni za Fatima, mwanamke aliyekuwa mfalme wa Kilwa. Ni katika maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo, na ni barua! Zimebaki kwa sababu zilifika kwa Wareno, ambao walikuwa wamefukuzwa Mombasa mwaka 1698 na bado wakifuatilia habari za pwani. Tukumbuke hilo tunapoambiwa kwamba mabinti hawana haja ya kalamu.

Kusoma barua hizo si rahisi. Kiarabu hakina herufi ya "p", hivyo waandishi wengi waliandika "b", na neno "pata" na "bata" likawa moja machoni. Kasra ilibeba "i" na "e", dhumma ikabeba "u" na "o". Msomaji ilimbidi amjue mwandishi na jambo lenyewe ndipo aelewe. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walilazimika kujifunza: Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi hayo Berlin mwaka 1892, na Velten akatoa kitabu cha kufundisha kuyasoma mwaka 1901. Baadaye shule za serikali zikashika herufi za Kizungu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Hati ya zamani ikabaki kwa masheikh, washairi na wazee waliokuwa wakiandikiana. Wao walikuwa na msemo kwamba waraka ni nusu ya kuonana.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Mwaka 1908 ulisambaa waraka katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, hasa kusini upande wa Lindi, uliojulikana kama barua ya Makka. Ulidai kwamba Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume (S.A.W.), ameoteshwa ndoto, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba kila aupatae aupeleke mbele. Watu waliunakili kwa mkono, kwa khati nzuri, wakaupeleka mji hadi mji, na Wajerumani wakaingiwa na hofu ya uasi. Je, si ninyi mliotumiwa waraka huo huo kwenye WhatsApp? Ni ule ule, Sheikh Ahmad yule yule, na marehemu Sheikh Ibn Baz aliuandikia radi ya wazi. Kwa hiyo wino na karatasi peke yake haviondoi uongo. Askari wa Labore walikataa barua ya kweli, na watu wa Lindi walipokea ya uongo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wale wa Labore angalau waliuliza imetoka wapi.

Swali hilo hapa kwetu si la mchezo. Januari 2025 picha za video za mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani zilizunguka kwenye simu, na Juba ikawaka. Wafanyabiashara wa Kisudani wakashambuliwa, wengine wakauawa, watu wasiohusika hata kidogo. Serikali ikafunga Facebook na TikTok kwa siku kadhaa. Mauaji ya Wad Madani yalikuwa ya kweli, lakini waliolipizwa Juba walikuwa watu wengine. Kidole kinachobonyeza kusambaza hakipati muda ambao mkono unaoandika unaupata.

Na barua za karatasi hazijafa nchini humu. Vita vya Desemba 2013 vilipotawanya familia, Msalaba Mwekundu uliendelea kupeleka zile karatasi zake za habari za familia, ambazo huachwa wazi bila kufungwa na haziruhusiwi kubeba ila habari za nyumbani: nani yu hai, nani amezaliwa, tuko wapi. Mama aliye katika kambi isiyo na mtandao huandika mistari michache, na karatasi ile hutafuta mtu.

Katika darasa letu tumeanza kidogo kidogo. Kila mwanafunzi wa miaka 12 na zaidi anaandika barua moja kwa mwezi, salamu kwanza, kisha habari, kisha swali moja la kweli ambalo anataka jibu lake. Tunazituma kwa wasafiri wa mabasi ya Uganda. Kujibu nako tunakufundisha, kwani Ibn Abbas (R.A.) aliona kujibu barua ni haki kama kujibu salamu. Wazazi wengine wanalalamika kwamba ni kupoteza karatasi, nami nawaelewa, daftari limepanda bei.

Binti mmoja alimwandikia bibi yake Bombo kumuuliza majina ya wazee wa ukoo. Jibu lilichukua wiki saba. Bibi hajui kuandika, hivyo mjukuu mwingine ndiye aliyeshika kalamu, na chini bibi akaweka alama ya dole gumba kwa wino. Ndani mlikuwa na majina manne ya watu waliozikwa huku Juba ambayo hata baba wa binti hakuwa akiyajua. Wiki iliyopita binti ameandika tena, kuuliza makaburi yao yako upande gani.