Tarzan wa Kwanza Alikuwa na Miaka Kumi

Muulize mtu yeyote wa rika la baba yangu Tarzan alikuwa nani, naye atakutajia Johnny Weissmuller, yule mwogeleaji wa kifua kipana ambaye ukelele wake uliigwa na kila mtoto aliyewahi kupanda mwembe. Wachache wanaojifanya wajuzi watakuambia hapana, wa kwanza alikuwa Elmo Lincoln, kwenye filamu bubu ya 1918. Hata hao hawajafika. Ndani ya filamu hiyo hiyo, kabla Lincoln hajatokea, kuna mvulana anayerukaruka matawini kwa muda mrefu sana. Anaitwa Gordon Griffith. Filamu ilipigwa mwaka 1917, na yeye alikuwa na miaka kumi tu. Ukiacha kile kichanga kinachobebwa mwanzoni, huyo ndiye Tarzan wa kwanza kuonekana kwenye pazia la sinema.

Nimekuwa nikimfuatilia mtoto huyu usiku, kwenye kompyuta yangu hapa Westlands, wakati makondakta wa matatu za Kangemi wakiita abiria wa mwisho kule barabarani. Filamu hiyo haina mwenyewe tena kisheria, kwa hiyo mtu anaitazama bure. Niseme ukweli, sikumtafuta kwa mapenzi. Nilitaka kuandika kuhusu Afrika ya uongo, ile ya Hollywood, na nilikuwa na hasira zangu tayari. Sasa utafanyaje hasira yako ikikutana na mtoto wa miaka kumi?

Griffith alizaliwa Chicago tarehe 4 Julai 1907. Mama yake, Katherine Griffith, alikuwa mwigizaji, na kwa familia ya jukwaani mtoto haachwi nyumbani, anaingizwa kazini. Ilipofika 1913 alikuwa ameshaingia Keystone, kampuni ya vichekesho ya Mack Sennett kule California. Mwezi Februari 1914 ikatoka filamu fupi iitwayo Kid Auto Races at Venice, iliyopigwa kwenye mashindano halisi ya vigari vya watoto. Jamaa mmoja mwenye kofia na mkongojo anaingia mbele ya kamera, anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena. Huyo ni Charlie Chaplin, na ndiyo mara ya kwanza watazamaji walimwona yule mzururaji wake aliyekuja kujulikana dunia nzima. Miongoni mwa watoto waliomo, Gordon Griffith yumo.

Mwaka huo huo alicheza mtoto muuza magazeti kwenye Tillie's Punctured Romance, filamu ndefu ya vichekesho ya Chaplin na Marie Dressler. Hapo pana kioja. Miaka mingi baadaye Milton Berle, mchekeshaji mkubwa wa televisheni ya Marekani, alizoea kusimulia kwamba yule muuza magazeti alikuwa yeye. Alisimulia hivyo tena na tena, na watu wakaamini, maana nani atabishana na mtu maarufu kuhusu utoto wake mwenyewe? Lakini sura iliyo kwenye picha ni ya Griffith. Mtoto alifanya kazi, na sifa ikaokotwa na mtu mwingine.

Turudi kwenye Tarzan. Edgar Rice Burroughs aliyemtunga hakuwahi kukanyaga Afrika. Hadithi ilipotoka kwa mara ya kwanza, kwenye jarida la All-Story mwaka 1912, ilikuwa na chui-milia, mnyama wa Asia, akiwinda kwenye msitu wetu. Wasomaji wakapiga kelele, na kitabu kilipotoka mnyama huyo akageuzwa kuwa simba jike. Filamu nayo ilipigwa Morgan City, jimbo la Louisiana, kwenye kinamasi cha mto Atchafalaya. Sokwe waliomlea Griffith walikuwa vijana wa klabu ya mazoezi ya New Orleans, wamevishwa manyoya, na kwa joto la kule nadhani walijuta. Waafrika wa filamu walikuwa Wamarekani weusi wa hapo hapo mjini, watu wengi, waliokodiwa kukimbia, kuogopa na kufa.

Na mtoto je? Ni mzuri, siwezi kuficha. Lincoln anaingia kifua mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akisubiri apongezwe. Griffith hafanyi hivyo. Anaangalia vitu. Kuna kibanda walichoacha wazazi wa Tarzan waliokufa, naye anakizunguka na kuchunguza yaliyomo kwa udadisi ambao nimeuona kwa watoto halisi tu, wale wanaokuvunjia redio wajue sauti inatoka wapi. Hadithi ya filamu imemwekea baharia aitwaye Binns, ambaye ametekwa na Waarabu wa biashara ya watumwa na kukaa kifungoni miaka kumi, kisha anatoroka na kuja kumfundisha mtoto kusoma. Mzungu mtumwa wa Mwarabu, katikati ya Afrika. Waliouzwa kweli hawana hadithi humo. Lakini kwenye masomo yale yenyewe, ukimtazama Griffith anavyokikodolea macho kitabu, unasahau kidogo.

Wakati huo huo huku kwetu kulikuwa na picha nyingine. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa wa wapagazi chini ya John Ainsworth, wa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kwenye vita vya kumfukuza Mjerumani Tanganyika. Wanaume walikamatwa vijijini, wakatembezwa, wakafa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifinyanga jina hilo likawa Kariokor, ambako leo watu wanaenda kula nyama choma. Wamejengewa ukumbusho Kenyatta Avenue, sanamu za shaba zilizosimamishwa 1928, na mpagazi yumo kati yao. Nimezipita mara nyingi nikikimbilia basi. Filamu ya mtoto wa Kizungu anayetawala msitu wa Afrika ilikuwa inatayarishwa miezi ile ile, na imehesabiwa kati ya filamu za mwanzo kuingiza zaidi ya dola milioni moja.

Nairobi yenyewe ilikuwa na sinema tayari. Theatre Royal ilifunguliwa 1912, ikijengwa kwa ajili ya walowezi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya picha. Mji ulikuwa na miaka kumi na mitatu tangu reli ifike, na tayari una sheria ya nani aone nini.

Mwaka 1920 Griffith aliitwa tena. Safari hii ilikuwa filamu ya mfululizo ya sehemu 15, The Son of Tarzan, na akacheza Korak alipokuwa bado kijana, mwana wa Tarzan. Yaani amekuwa baba na amekuwa mwana, na zote mbili kabla ndevu hazijaota. Baadaye alionekana na Mary Pickford katika Little Annie Rooney ya 1925. Kisha balehe ikamfanyia alichowafanyia watoto wote wa sinema bubu. Sauti ilipoingia, hakupotea kama wengi. Alihamia nyuma ya kamera, akawa mwongozaji msaidizi na mtu wa uzalishaji. Alifariki Hollywood tarehe 12 Oktoba 1958 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 51.

Kwa watoto wa zama zile, hayo ni maisha mazuri. Jackie Coogan, yule mtoto wa The Kid ya Chaplin, aliingiza mamilioni ya dola, akafikisha umri wa mtu mzima akakuta hakuna kitu. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake mzazi na baba wa kambo, na alichotoka nacho ni kama dola 126,000. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya California ya 1939 inayotaka sehemu ya pesa za mtoto mwigizaji iwekwe kando kwa ajili yake. Baby Peggy, nyota mwingine wa wakati ule, alikuwa amemaliza kazi ya kulisha familia nzima kabla hajajua kusoma vizuri. Aliishi hadi 2020, akafa na miaka 101, na nusu ya maisha hayo aliitumia kuandika kuhusu wenzake.

Naliandika hili nikimfikiria mpwa wangu. Miaka michache iliyopita, akiwa na miaka saba, alichaguliwa kwenye tangazo la juisi. Usaili ulikuwa hapa hapa Westlands, ghorofa ya nne, akina mama wamejaa kwenye ngazi na watoto waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. "Mjomba, nitaonekana kwa TV?" aliniuliza. Siku ya kupiga picha alirudia kunywa ile juisi mara nyingi mpaka ikamrudi, akapanguswa, akaambiwa atabasamu tena. Pesa ilichukua miezi mitano kuingia, tena kwa simu ya mama yake, baada ya kupigiwa kampuni hiyo kila wiki. Ilipoingia ikalipa karo, yake na ya dada zake wawili. Nilipomgusia dada yangu habari za Coogan alinitazama tu. "Sasa ulitaka niiweke wapi? Kwani hiyo karo ni ya nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina la kumtosha. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inasema mtoto ambaye hajafika miaka 13 asiajiriwe kwa shughuli yoyote, awe analipwa au halipwi. Washa televisheni leo jioni uhesabu watoto wa chini ya umri huo kabla ya habari kuanza. Siwalaumu wazazi; karo ni karo. Ila mpwa wangu anajua kitu kimoja ambacho Griffith lazima alikijua: kwamba ukitapika, kamera inasubiri, haizimwi.

Sinema hatimaye ilikuja Afrika yenyewe. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilituma kikosi chini ya W. S. Van Dyke kupiga Trader Horn, wakashukia Mombasa na kuzunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mbeba bunduki katika hadithi, Renchero, alichezwa na Mwafrika aitwaye Mutia Omoolu, na ukiniuliza mimi ndiye mwigizaji bora wa filamu ile. Mutia ni jina ambalo ukiliita Machakos watageuka watu kumi. Alipelekwa mpaka Hollywood kumalizia sehemu zilizobaki. Filamu ikatoka 1931, na picha zilizosalia za mito na wanyama wetu zikapachikwa mwaka uliofuata kwenye Tarzan the Ape Man, ile ya Weissmuller. Genge kubwa la mawe ambalo Tarzan anaishi juu yake wakaliita Mutia Escarpment. Basi jina la mtu wetu likawa mlima wa kubuni, na juu ya mlima huo likajengwa kasri la matawi la Mzungu mmoja.

Mwaka 1939, mwaka ule ule wa sheria ya Coogan, Tarzan akapewa mtoto wa kulea, akichezwa na Johnny Sheffield, mtoto mdogo tu. Na jina la mtoto huyo kwenye filamu? Boy. Hana lingine. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Maana Nairobi ya 1939 ilikuwa na maboi wengi. Mwanamume wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, aliitwa boi na mtoto wa bwana wake, na neno likakaa kwenye kamusi zetu mpaka leo. Mtoto aliyemsaidia jikoni aliitwa toto. Harry Hook alipotengeneza The Kitchen Toto mwaka 1987, kuhusu mvulana wa Kikuyu katika nyumba ya afisa wa polisi Mwingereza wakati wa Mau Mau, alimweka mbele ya kamera mtoto Mkenya, Edwin Mahinda, na filamu nzima inategemea uso wake. Mahinda naye anaangalia vitu. Wekeni filamu hizo mbili pamoja usiku mmoja muone. Miaka 70 kati yao, na watoto wawili wanaojua kunyamaza.

Filamu bubu, kwa kweli, hazikuwa bubu sana. Kulikuwa na piano, na Japani kulikuwa na watu waliosimama kando ya pazia wakisimulia, wakaitwa benshi, wakawa nyota kuliko waigizaji. Mkenya haelezwi hilo mara mbili. Tumekua na DJ Afro akimwaga maneno juu ya filamu za watu, na kwenye kibanda cha video sauti yake ndiyo tuliyolipia. Ningependa sana kumsikia juu ya Tarzan of the Apes, hasa pale sokwe wa New Orleans anapojikuna.

Nakala iliyobaki imekatwa, ni fupi kuliko ile iliyoonyeshwa New York Januari 1918. Ukiitafuta, utaona kwenye orodha ya wahusika Elmo Lincoln, Enid Markey kama Jane, na Gordon Griffith kama Tarzan mtoto. Wale watu weusi wa Morgan City hawajaandikwa. Wanaonekana vizuri zaidi kuelekea mwisho, kijiji kinapoungua, na mmoja wao, kijana mwembamba upande wa kushoto, anageuka mara moja na kuitazama kamera.