Unapotolewa damu hospitalini: Yanayofanyika na unayostahili kuuliza

Na MWANDISHI WETU

NI wachache mno wanaoondoka katika chumba cha maabara wakijua damu yao imekwenda wapi, ni kiasi gani, na kwa nini imetiwa katika vichupa vitatu badala ya kimoja. Mgonjwa hunyoosha mkono, hugeuza uso ukutani, na baada ya dakika chache huambiwa angoje nje. Kimya hicho huzaa hofu, nayo hofu huwafanya baadhi ya watu kuahirisha vipimo vya kisukari, figo au upungufu wa damu hadi maradhi yanapokomaa.

Tuanze na kiasi, kwani hicho ndicho hulalamikiwa zaidi. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Kichupa cha maabara huchukua mililita mbili hadi tano hivi. Kwa hivyo, hata aliyejaziwa vinne hajapoteza zaidi ya vijiko vinne vya chai. Anayejitolea kuchangia damu hutoa mililita 450, zaidi ya mara ishirini ya kiasi hicho, na bado hurejea nyumbani kwa miguu yake.

Rangi za vifuniko nazo si mapambo. Kifuniko cha zambarau huonyesha kwamba ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, na damu hiyo hutumiwa kuhesabu seli na kupima hemoglobini. Cha kijivu ni cha sukari. Kina dawa inayozuia seli kuendelea kuila sukari hiyo wakati kichupa kingali njiani. Cha samawati hupima jinsi damu inavyoganda. Katika chekundu au cha manjano damu huachwa igande, kisha majimaji yanayobaki juu ndiyo hupimwa ili kujua hali ya figo na ini.

Vichupa hivyo hujazwa kwa mpangilio maalumu. Dawa iliyo katika kile cha zambarau kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu, na tone lake likiingia katika cha manjano, matokeo yataonyesha potasiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Daktari aweza basi kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kazi hii mwaka wa 2010. Mshipa unaopendelewa ni ule ulio katika mkunjo wa kiwiko, kwa sababu ni mkubwa na uko karibu na ngozi. Mhudumu hufunga mkanda wa mpira juu yake, hupangusa ngozi kwa spiriti na kungoja ikauke kwa muda wa nusu dakika. Akidunga kabla haijakauka, mgonjwa huwashwa na viini huenda havijafa. Sindano ni mpya kwa kila mtu, na ikishatumika hutupwa papo hapo katika kisanduku maalumu bila kurudishiwa kifuniko chake.

Mkanda huo haufai kukaza mkono kwa zaidi ya dakika moja hivi. Tabia ya kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi mara nyingi, ambayo wengi wetu tumeizoea, pia haifai, kwani misuli inayofanya kazi hutoa potasiamu na kuharibu kipimo. Ngumi moja iliyotulia yatosha.

Iwapo mshipa hauonekani, maji ya kunywa na kitambaa chenye vuguvugu husaidia kuliko kofi. Hata anayetakiwa kufunga kula, kwa kawaida kwa saa nane hadi kumi na mbili, huruhusiwa kunywa maji matupu. Chai ya rangi isiyo na sukari si maji matupu.

Kuna wale wanaozirai. Hawa hufanyiwa mzaha, hasa wakiwa wanaume wenye miraba minne, ilhali jambo lenyewe si woga wa kawaida. Mtu akiogopa nyoka, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Anayeogopa damu au sindano huanza vivyo hivyo, kisha mambo hubadilika ghafla: mapigo ya moyo hupungua, shinikizo hushuka, ubongo hukosa damu ya kutosha naye huanguka. Kabla ya hapo hutokwa na kijasho chembamba, huona kizunguzungu na kusikia kichefuchefu.

Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, alibuni katika miaka ya themanini mbinu rahisi ya kukabiliana na hali hiyo. Mgonjwa hukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde kumi hadi kumi na tano mpaka ahisi joto usoni, hulegeza kidogo, kisha hurudia. Shinikizo hupanda na kuzirai huepukwa. Mkono unaodungwa uachwe umelegea. Aliyewahi kuzirai amwarifu mhudumu mapema ili atolewe damu akiwa amelala.

Hofu nyingine haitokani na sindano bali na historia. Pwani watoto walitishwa kwa mumiani, mtu anayedaiwa kunyonya watu damu. Nairobi, enzi za ukoloni, ilivumishwa kwamba wazimamoto waliwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alichunguza masimulizi kama hayo kutoka Kenya, Uganda na kwingineko katika kitabu chake cha mwaka wa 2000. Miongo kadhaa baada ya uhuru, watafiti wa afya huko Kilifi na Nyanza walikutana na minong'ono iyo hiyo, kwamba damu inauzwa. Ni rahisi kuicheka. Lakini mtu anayechotwa damu bila kuelezwa sababu hana ushahidi wa kuikanusha, na anayestahili kumpa ushahidi huo ni mwenye sindano.

Una haki, basi, ya kuuliza ni vipimo gani vimeagizwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya HIV, isipokuwa pale sheria yenyewe inapoelekeza, na inataka matokeo yawe siri. Wahudumu wa maabara nao husajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1999. Unaweza pia kuomba mhudumu mwingine iwapo wa kwanza amekukosa mara mbili, na kutaka jina lako liandikwe kwenye kichupa ungali umeketi hapo. Katika foleni yenye akina Wanjiku watatu, hilo si jambo dogo.

Sindano ikitoka, bonyeza pamba kwa dakika chache huku mkono umenyooka. Kuukunja kiwiko, kama tufanyavyo wengi, huacha damu ivuje chini ya ngozi na kuvilia. Alama hiyo ya zambarau huisha kwa wiki moja au mbili. Lakini mkono ukifura, ukifa ganzi au ukitoa usaha, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.