Mvua ya Dodoma si Haba Kama Tunavyodhani

Jiji la London hupata mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600. Tofauti ya takwimu hizi mbili ni ndogo mno, na hata hivyo hakuna aliyewahi kuiita London nchi kame, wala hakuna anayesita kuiita Ugogo hivyo. Nimeanza na ulinganisho huu kwa makusudi, kwa sababu katika mijadala yetu ya sera neno “ukame” limekuwa kama kauli ya hakimu: likishatamkwa, kesi imekwisha. Mvua haikunyesha, wananchi wamekosa chakula, tuombe Mungu na tusubiri shehena. Ninachotaka kudai hapa ni kwamba historia ya ukame wa Tanzania ya kati ni historia ya kile kinachoyapata maji baada ya kutua ardhini, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na serikali, si na mawingu.

Maumbile yana sehemu yake, nayo si ndogo. Mvua ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa manyunyu machache makali yanayoshuka kwa saa moja na kuondoka. Jua na upepo wa nyanda hizi vina uwezo wa kuvukiza karibu milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya kile kinachoshuka. Isitoshe, mwaka mmoja haufanani na mwingine. Tukirudi nyuma zaidi ya kumbukumbu za wazee, matope ya Ziwa Naivasha nchini Kenya yanatusaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma tabaka za matope hayo na kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ya ikweta ilikuwa kavu kuliko leo tangu takriban mwaka 1000 hadi 1270, kisha ikawa na unyevu zaidi kwa karne kadhaa, isipokuwa vipindi vitatu virefu vya ukavu, cha mwisho kikiwa kati ya 1760 na 1840 hivi. Naivasha si Dodoma, na mwenendo wa mvua wa huku una kalenda yake, lakini somo la jumla linabaki: hali ya “kawaida” ambayo ripoti zetu hupenda kuitaja haijawahi kudumu.

Watu walioishi katika hali hiyo isiyo ya kawaida hawakukaa mikono mifukoni. Wagogo walilima mtama na uwele, nafaka ambazo jani lake hujikunja na kungoja mvua irudi, ilhali mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua hayana subira hiyo. Walijenga tembe zenye paa bapa la udongo, nyumba ambayo ingebomoka katika nchi ya mvua nyingi. Waliweka akiba yao katika ng’ombe, kwa kuwa ng’ombe hutembea kuyafuata malisho na shamba halitembei. Mtemi alikuwa mwenye mawe ya mvua, na uhalali wa utawala wake ulihusiana moja kwa moja na hali ya nchi aliyoiombea. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ulilazimika kulipa hongo ili upite na kunywa. Burton alipopita hapa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, wote walilalamikia gharama hizo. Mimi huzisoma lawama zao kwa namna nyingine: katika nchi yenye visima vichache, maji yalikuwa mali ya umma yenye bei, na bei hiyo ilipangwa na wenyeji.

Mfumo huo ulivunjwa kwa hatua. Tauni ya ng’ombe iliyoenea mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliteketeza akiba ya kaya. Utawala wa Wajerumani ulileta kodi, kisha reli iliyofika Dodoma mwaka 1910. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Ugogo ikajikuta kwenye njia kuu ya majeshi. Wajerumani walichukua ng’ombe na nafaka. Waingereza, waliouingia mji wa Dodoma mnamo Julai 1916, nao wakachukua kilichosalia pamoja na vijana wa kubeba mizigo ya vita kuelekea kusini. Ndipo mvua zikaja kukosekana, na homa kali ya mafua ya 1918 ikaongezeka juu yake. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliitwa Mtunya, jina ambalo wanahistoria hulifasiri kuwa ni kugombania. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika jamii ya watu 150,000 hivi.

Mtu mmoja kati ya watano. Ningependa mtumishi wa umma anayesoma hapa asimame kidogo juu ya takwimu hiyo, kisha ajiulize kama mvua peke yake ingeweza kufanya kazi hiyo. Ugogo ilikuwa imewahi kukosa mvua mara nyingi kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni kwamba ghala lilikuwa tupu, zizi lilikuwa tupu, na mikono ya kulima ilikuwa mbali. Ukame uliwakuta watu ambao dola mbili zilikuwa zimekwisha kuwavua silaha zote za kupambana nao.

Sasa nije kwenye udongo wenyewe. Katika miaka ya 1930, kituo cha Mpwapwa kilifanya majaribio ambayo kwa maoni yangu yangepaswa kufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini. Mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, akapima kiasi cha mvua kilichotiririka kutoka katika kila kimoja na kiasi cha udongo kilichokwenda nacho. Kipande kilichoachwa wazi bila mmea wowote kilipoteza karibu nusu ya mvua yote. Kilicholimwa nafaka kilipoteza karibu robo. Chenye majani mazuri kilipoteza chini ya asilimia 2, na kile cha kichaka kisichoguswa kilipoteza chini ya asilimia 1. Mbingu ilikuwa moja, na siku za mvua zilikuwa zilezile. Hata hivyo mzizi uliokuwa kwenye kipande cha kwanza ungeishi katika nchi yenye nusu ya mvua ya jirani yake. Yaani ukame unaweza kutengenezwa, na hutengenezwa, bila kupunguza hata tone moja la mvua.

Ni mwendo mfupi kutoka Mpwapwa hadi Kongwa. Huko, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga, ukilenga zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika kwa wiki tisa tu kabla ya kuandika ripoti yake. Vichaka viking’olewa kwa matrekta makubwa, udongo wa Kongwa huachwa uchi kama kipande cha kwanza cha Staples. Na karanga si mtama. Ua lake likishachavushwa hushusha kikonyo kinachojichimbia ardhini, na punje hukomaa humo. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ukikauka hugeuka kuwa kama tofali, hivyo kikonyo hakiingii kwa urahisi, na wakati wa mavuno karanga hazitoki. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ya zaidi ya pauni milioni 36 ikafutwa nayo kwenye vitabu. Simulizi maarufu ni kwamba mvua iliwaangusha. Mvua ilichangia, lakini majibu ya Mpwapwa yalikuwapo kwa zaidi ya muongo, na sioni dalili kwamba yalibadilisha hesabu za waliokuwa London.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumwachia mkoloni lawama zote, kama wanaharakati wetu wengi wapendavyo. Lakini serikali huru ilirithi ardhi hii na tabia nyingi za mtangulizi wake. Baada ya ukame wa mwisho wa miaka ya 1960, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Nia ya shule, zahanati na maji ilikuwa njema, na siipuuzi. Ila mfugaji aliyekuwa ametawanya kaya na mifugo yake ili kuifuata mvua inayonyesha hapa na kuruka pale, sasa aliishi mahali pamoja. Malisho ya karibu na kijiji yalikanyagwa na miti ya karibu ikaisha. Kipande cha kwanza kikazidi kupanuka. Katika miaka hiyohiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi walipima mabwawa ya jirani na mji wa Dodoma na kukuta yakijaa mchanga kwa kasi. Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lilikadiriwa kuwa na uhai wa takriban miaka 30 tu.

Kondoa ilipewa tiba nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote, wapatao 90,000, iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba zaidi ya 1,250. Majani yalirudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakatulia. Watetezi wa mradi wana haki ya kujivunia. Lakini waliolipa gharama ni wenye ng’ombe, na hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa baadaye wa tabaka za udongo umeonyesha kwamba mmomonyoko wa Kondoa ulianza karne nyingi kabla ya mkoloni na kabla ya wingi wa mifugo wa sasa. Mfugaji alihukumiwa kwa kosa ambalo sehemu yake ilitendeka kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Kwa upande wa pili, mbinu iliyonivutia zaidi haikutoka katika waraka wowote. Kijiji cha Chololo, nje kidogo ya Dodoma, kimeyapa jina mashimo madogo ambayo mkulima huchimba kabla ya masika, akaweka samadi ndani na kupanda humo. Maji yanayotiririka hunaswa na shimo, yakakaa pale penye mzizi. Ni jibu la moja kwa moja kwa majaribio ya Staples, na linahitaji jembe.

Nimesema hayo yote kwa sababu makao makuu ya nchi sasa yako juu ya udongo huu. Uamuzi ulikuwa wa mwaka 1973, lakini uhamaji wenyewe ulianza kwa dhati mwaka 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika wilaya ya mji. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Sehemu kubwa ya maji ya jiji imetegemea kwa miongo mingi visima vya Makutupora. Kumbukumbu za visima hivyo, zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 50 na kuchambuliwa katika utafiti wa mwaka 2013, zinaonyesha kwamba mvua ya kawaida haifiki chini kabisa. Mwamba hujazwa na misimu michache yenye mvua za kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na misimu ya aina hiyo imechangia zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia katika kipindi chote kilichopimwa. Kati ya msimu mmoja wa aina hiyo na mwingine, kiwango cha maji hushuka tu.

Kwa hiyo afisa anayefungua bomba Mtumba leo anaweza kuwa anakunywa mafuriko ya miaka mingi iliyopita. Mafuriko yajayo yatakuta mabonde yaliyosakafiwa, vilima vilivyochongwa kwa ajili ya viwanja, na mitaro iliyojengwa kwa lengo moja tu la kuyaondoa maji mjini haraka iwezekanavyo. Nimepitia matangazo ya viwanja vinavyouzwa jijini. Vingi vinasifiwa kwa kuwa “vimesafishwa”, na maana yake ni kwamba hakuna hata kichaka kimoja kilichobaki.