Sir John Gray: Jaji Aliyeandika Historia ya Kilwa

Sir John Milner Gray (1889–1970) aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni Uganda mwaka 1920. Baadaye alikuwa jaji Gambia, kisha Jaji Mkuu wa Zanzibar kuanzia 1943 hadi 1952. Kilwa inamkumbuka kwa kalamu yake kuliko kwa hukumu zake.

Mwaka 1951 na 1952 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia yake ya Kilwa katika sehemu mbili. Tarehe alizozipokea za masultani wa kwanza zimeangaliwa upya tangu mwanaakiolojia Neville Chittick achimbe magofu haya ya Kilwa.

Makala yake ya 1956 kuhusu Wafaransa hapa Kilwa ndiyo nzito zaidi. Inahusu mkataba wa 1776: Sultani alimwahidi Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, na zawadi ya piasta 2 kwa Sultani kwa kila mtumwa. Watu walipangiwa bei kama pembe za ndovu.

Mkataba hautaji jina hata moja la waliouzwa. Kama ukoo wako una masimulizi ya zama hizo, tafadhali wasimulie watunzaji wa magofu haya.