Kumfundisha mtoto nyumbani mjini Kigali: mambo ya kujua na mahali pa kupata vitabu kwa gharama nafuu

Kimihurura ni sekta ya Wilaya ya Gasabo, katikati ya Jiji la Kigali. Humo limo jengo la Bunge, limo Jumba la Mikutano la Kigali lililofunguliwa mwaka 2016, na wamo watu wa kila hali: maofisa wa mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara, madereva na watumishi wa majumbani. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakosekani miongoni mwao. Wapo waliotoka Tanzania na Kenya, wapo waliotoka Goma na Bukavu, na wapo Wanyarwanda waliolelewa ng'ambo ya mpaka na kurejea na lugha hiyo midomoni mwao.

Katika baadhi ya nyumba hizo mtoto husomea nyumbani. Pengine familia imehamia katikati ya mwaka wa masomo na nafasi shuleni haijapatikana. Pengine mtoto ana ugonjwa wa muda mrefu, au karo ya shule binafsi imewazidi wazazi, au wazazi wameamua tu kwamba watamlea kielimu wenyewe. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mzazi wa namna hiyo anapaswa kuyafahamu, na mahali anapoweza kupata vifaa bila kutumia fedha nyingi.

Sheria inamtaka mzazi afanye nini?

Katiba ya Rwanda, katika ibara ya 20, inatamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na kwamba hutolewa bila malipo katika shule za umma. Mfumo wa elimu kwa jumla unaongozwa na Sheria namba 010/2021 ya tarehe 16 Februari 2021. Kwa hiyo anayekusudia kumfundisha mtoto nyumbani asilichukulie jambo hilo kuwa siri ya familia. Hatua ya kwanza ni kumwona ofisa elimu wa sekta, kumweleza sababu na muda unaokusudiwa, na kuomba jibu kwa maandishi. Karatasi hiyo itamfaa mzazi siku atakapotaka mtoto apokelewe shuleni.

Jambo la pili ni mtihani. Mwishoni mwa darasa la sita watoto hufanya mtihani wa taifa unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mitihani na Ukaguzi wa Shule, NESA. Masomo yanayotahiniwa ni matano: Kinyarwanda, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia ya Msingi, na Maarifa ya Jamii na Dini. Wanafunzi huandikishwa kupitia shule zao. Mzazi anayengoja hadi mtoto afike umri wa darasa la sita ndipo aulize habari za mtihani, huenda akajikuta amechelewa. Ni busara kuanza mazungumzo na shule iliyo jirani mapema, walau miaka miwili kabla.

Je, nyumbani ni nafuu kuliko shuleni?

Si lazima iwe hivyo. Mwezi Septemba 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mchango wa mzazi katika shule za msingi za umma na zile zinazosaidiwa na serikali ni faranga 975 kwa muhula, kwa ajili ya chakula cha mchana. Hata ukiongeza sare na madaftari, ni vigumu kwa nyumba kushindana na kiasi hicho, hasa ikiwa mzazi mmoja analazimika kuacha kazi ili afundishe.

Kwa hiyo inafaa mzazi ajiulize anachokikimbia ni nini. Kama ni karo ya shule binafsi, shule ya umma ipo, na watoto wa wakimbizi nao hupokelewa katika shule za taifa. Kama ni lugha, basi tatizo ni jingine, na linastahili kutazamwa kwa makini.

Suala la lugha

Tangu mwaka 2019 serikali imeelekeza kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Kinyarwanda hufundishwa kama somo. Kiswahili kilipitishwa na Bunge kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kikiungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini mtoto hukutana nacho darasani zaidi katika shule ya sekondari.

Mtoto aliyetoka Bukavu ameanza shule kwa Kifaransa. Yule aliyetoka Mwanza amesoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, maana katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania hiyo ndiyo lugha ya kufundishia. Wote wawili wakiingia darasa la nne mjini Kigali hukutana na lugha mbili ngeni kwa mpigo: moja ya daftari, nyingine ya uwanjani. Mtoto aliyekuwa hodari hunyamaza, na watu wazima humdhania mzito wa kuelewa.

Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikisisitiza kwamba mtoto hujifunza kusoma vyema zaidi akianzia katika lugha anayoijua. Hapa ndipo nyumba ya Waswahili inaweza kutoa kile ambacho darasa haliwezi. Mtoto na afundishwe kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili mpaka asitetereke. Kisha dhana ile ile, tuseme sehemu au mzunguko wa maji, irudiwe kwa Kiingereza. Kinyarwanda kisiachwe kijiokotee chenyewe mitaani, kwa kuwa ni somo la mtihani na ndiyo lugha ya majirani. Mzazi asiyekijua na akubali kuwa mwanafunzi pamoja na mwanawe.

Siku moja ya masomo nyumbani

Tangu Januari 2023 masomo shuleni huanza saa 2:30 asubuhi na kumalizika saa 11:00 jioni. Nyumbani hakuna haja ya kuiga urefu huo. Watoto wawili mezani na mwalimu mmoja huweza kumaliza kwa saa tatu kazi ambayo darasa kubwa huichukulia siku nzima. Muhimu ni kwamba saa hizo zisikatizwe kila siku.

Mpangilio ufuatao unafaa kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi:

– Asubuhi mapema: kusoma kwa sauti kwa Kiswahili, dakika 20, kisha mtoto asimulie alichosoma pasipo kutazama kitabu.
– Baadaye: Hisabati, dakika 40, kwa vitu vya kushika kabla ya namba za karatasini. Vizibo vya chupa, punje za mahindi na maharage hufaa kuliko vifaa vingi vya dukani.
– Baada ya mapumziko: Kiingereza na Kinyarwanda kwa zamu.
– Alasiri: kazi za mikono, bustani, au safari fupi.

Soko ni darasa lisilo na ada. Mtoto anayetumwa kununua kilo moja na nusu ya vitunguu katika soko la Kimironko, akakadiria bei na kuhesabu chenji, amefanya Hisabati, Kinyarwanda na adabu kwa mara moja. Kwa michezo, Jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili mbili kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2016, na watu hukimbia na kuendesha baiskeli bila hofu. Mtoto anayesomea nyumbani huhitaji mikusanyiko hiyo kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hatari kubwa inayomkabili ni upweke.

Mahali pa kupata vitabu na vifaa

Maktaba ya Umma ya Kigali. Ilifunguliwa mwaka 2012 huko Kacyiru, sekta inayopakana na Kimihurura, kutokana na juhudi zilizoanzishwa na klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga. Ina sehemu maalumu ya watoto. Kwa familia yenye chumba kimoja, faida yake kubwa huenda ikawa meza na utulivu.

Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda, REB. Tovuti yake ina mitaala na vitabu vya kiada vinavyoweza kusomwa bila malipo. Hivi ndivyo viwe uti wa mgongo wa masomo, kwa kuwa mtihani wa taifa hufuata mtaala huo unaozingatia umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016.

Taasisi ya Elimu Tanzania. Maktaba yake ya mtandaoni ina vitabu vya shule ya msingi vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Ni hazina kwa mtoto anayehitaji kuelewa dhana kwanza. Hata hivyo visitumike peke yake, kwani mpangilio wa mada haulingani na wa Rwanda.

African Storybook. Ni mkusanyo wa hadithi fupi zenye picha, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Zimo hadithi za Kiswahili na za Kinyarwanda, zimetolewa kwa leseni huria, na mtu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzitafsiri. Hadithi moja ikisomwa kwa lugha zote mbili, mtoto hujenga daraja bila kujua kwamba anajifunza.

Ubongo. Shirika hili la Dar es Salaam hutengeneza vipindi vya katuni vya Ubongo Kids na Akili and Me, vinavyofundisha hesabu, sayansi na herufi kwa Kiswahili.

Bakame. Nyumba hii ya uchapishaji, iliyoanzishwa Kigali mwaka 1995, hutoa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda.

Redio. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya COVID-19, masomo yalipelekwa hewani kwa ushirikiano wa REB, UNICEF na Shirika la Utangazaji la Rwanda. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kilikuwa kimeanza kipindi cha watoto wadogo kiitwacho Itetero. Redio haidai bando, na humzoeza mtoto kusikiliza.

Kupunguza gharama za intaneti

Pakua mara moja, tumia mara nyingi. Mzazi anaweza kwenda mahali penye intaneti ya bure mara moja kwa wiki, akahifadhi vitabu kwenye simu au kompyuta, kisha nyumbani vikasomwa bila kuunganishwa. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, na Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi. Zote mbili ni za bure. Familia tatu au nne za mtaa mmoja zikichangia uchapaji wa kitabu kimoja na kukizungusha, gharama hugawanyika na watoto hupata wenzao.

Kuweka kumbukumbu

Kila kazi ya mtoto na iandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Daftari moja la mzazi lioneshe mada iliyofundishwa, kitabu kilichotumika na pale mtoto alipokwama. Siku mtoto atakapopelekwa shuleni, mwalimu mkuu atataka kujua awekwe darasa gani. Asiye na ripoti ya muhula wala daftari huweza kurudishwa madarasa mawili nyuma, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa ushahidi.